Si lazima kukumbuka jina la faili kwenye SharePoint

Je, ili kupata faili, mfanyakazi lazima akumbuke jina lake kamili? Hapana, halazimiki; SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi nyaraka za ofisi mtandaoni, inasaka hadi maandishi yaliyomo ndani. Aandike maneno mawili matatu ndani ya alama za nukuu, mfano "posho ya safari", kisha aongeze filetype:pdf ili apate faili za PDF tu. Akiwa na mwanzo wa neno tu, amalizie na nyota: manunu*. Nyota ikitangulia neno haisaidii.

Natunza nyaraka za ofisi, na kinachokwamisha watu zaidi ni barua zilizoskaniwa. Kwa kawaida mfumo unaziona kama picha tu, kwa hiyo zipeni majina yanayoeleweka, msiziache "scan0043". Na faili usiloruhusiwa kulifungua halitokei kwenye matokeo, hata utafute vipi.