Ushairi wa Leo: Anza na Mdomo, Dhamira Itakuja

Wengi wetu tuliosoma sekondari huku Nyanda za Juu Kusini tulikutana na ushairi ukiwa swali la mtihani. Taja dhamira nne, eleza tamathali za semi, toa mifano. Mtu anamaliza kidato cha nne akijua kuchambua shairi ambalo hajalisoma kwa sauti hata mara moja. Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: weka dhamira pembeni kwanza. Chukua shairi moja fupi, lisome kwa sauti, kisha lirudie, na kesho ulirudie tena. Mimi husomea jikoni, hapa Uyole, Mbeya, ikiwa na baridi yake ya Juni na sote tumesogelea jiko la mkaa. Wanangu wameshazoea. Ukisoma hivyo unaanza kusikia mwandishi anakukatisha pumzi wapi, na neno gani ameliacha peke yake kwenye mstari. Maana huingia kwa mlango huo.

Kama mashairi yasiyo na vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, yanakutisha, anza na mshairi wetu Euphrase Kezilahabi. Diwani yake ya mashairi, Kichomi, ilitoka mwaka 1974, na ubishi ulikuwa mkali: wapo malenga walioshikilia kwamba bila vina na mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari, hakuna shairi. Yeye alitaka lugha ya mazungumzo ya kila siku iingie kwenye ushairi. Sisi wa huku hatupaswi kumwona mgeni. Nyimbo za kulimia alizoimba bibi yangu kule Tukuyu, kwa Kinyakyusa, hazikuwa na vina vya kati wala mizani 16. Zilikuwa na mrudio, na pumzi ya mtu anayeinua jembe. Nilipoliona hilo ndipo nikaamini kwamba hata mimi naweza kuandika.

Baada yake tafuta walio hai. Mohammed Ghassani wa Zanzibar, kwa mfano, alishinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya uandishi wa Kiswahili mwaka 2015 upande wa ushairi. Vitabu si rahisi kupata, najua. Ulizia maktaba ya mkoa, Mbeya na Iringa zote zipo, na pitia wauza vitabu vya mtumba bila haraka.

Ukitaka kuandika, jifunze arudhi, yaani kanuni za shairi la kimapokeo, hata kama hutaitumia: beti ya mishororo (mistari) minne, kila mshororo mizani 16, nusu kwa nusu, vina katikati na mwishoni. Arudhi inafundisha sikio kuhesabu, na inakuonyesha mapema pale neno linapokaa bure. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya makala haya, kuhusu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi:

Gunia lina lumbesa, mgongo wa baba chini,
Bei imepangwa hasa, na mwenye gari mjini.

Mizani imetimia, vina vimekaa. Lakini "hasa" inafanya nini pale? Imeitwa na kina tu, haina kazi nyingine. Sasa tuachie vina:

Lumbesa.
Gunia limevimba hadi shingoni.
Baba ameinama,
bei imesimama.

Zimebaki sauti mbili zinazofanana, ameinama na imesimama, na zimekuja kwa sababu jambo lenyewe liko hivyo: mkulima wa viazi anabeba gunia lililojazwa kupita kipimo, analipwa bei ya gunia la kawaida. Kuacha vina hakukuruhusu kulegea. Kila neno sasa linasimama bila mhimili, kwa hiyo lazima liwe na sababu ya kuwepo. Hapa ndipo waanzaji wengi wanapoteleza, wakidhani shairi huru ni insha iliyokatwakatwa mistari.

Andika ulichokiona kwa macho yako. Nimesoma mashairi mengi ya vijana wa Mbeya yaliyojaa bahari, mawimbi na minazi, na aliyeyaandika hajawahi kufika Pwani. Unao ukungu wa Kawetere, unao makondakta wa Kabwe wanaoita abiria kwa mdundo wao wenyewe. Hayo bado hayajaandikwa vya kutosha, na yanakusubiri wewe.

Shairi likikamilika, usilisome wewe. Mpe mtu mwingine alisome kwa sauti, bila kumwelekeza, nawe kaa na penseli. Kila anapokwama, weka alama. Halafu rudi kwenye alama hizo peke yake, usiguse kwingine.