Cheti au vifaa? Jibu la fundi umeme aliyerudi darasani

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba una miaka 38, umefanya ufundi bomba kwa miaka 14 bila cheti, umejiwekea shilingi milioni moja na nusu, na hujui uzitie kwenye vifaa au urudi darasani. Mwaka 2016, nikiwa fundi umeme wa mtaani hapa Morogoro, nilikuwa mahali ulipo wewe sasa, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonipata.

Kazi niliifunza kwa kubeba begi la fundi aliyenitangulia. Kwa miaka tisa nilitoboa kuta, nilivuta nyaya na kufunga meni swichi, lakini maombi ya kuunganishiwa umeme TANESCO yanamtaka mkandarasi mwenye leseni, na mimi sikuwa nayo. Kila nyumba ilipokamilika nilimfuata mwenye leseni anigongee muhuri kwa malipo. Muhuri huo ulikula sehemu nono ya ujira wangu, na katika karatasi za mwenye nyumba jina langu halikuonekana popote.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshakosea mara moja. Mwaka 2013 nililipia kozi ya kompyuta ya miezi sita kwa imani kwamba elimu ni elimu, nami nikapata cheti chenye nembo ya kupendeza kutoka chuo ambacho baadaye niligundua hakikuwa kimesajiliwa. Hata kingekuwa kimesajiliwa, kisingenisaidia, kwa sababu kilichonizuia hakikuwa kompyuta. Kilichonizuia ni ule muhuri.

Muuza vifaa vya umeme ndiye aliyenieleza kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ule ambao wengi huuita RPL. Huanzi kidato cha kwanza cha ufundi. Unahojiwa, unapimwa kwa vitendo, unaonyeshwa mapengo yako na kufundishwa hayo, kisha ndipo cheti kinafuata.

Mtathmini alinikuta kwenye nyumba ya vyumba vitatu niliyokuwa nikiifanyia wayaringi Mkundi. Alinitazama nikiunga swichi asiseme neno. Kisha akaonyesha mahali pa jiko la umeme, ambapo nilikuwa nimevuta waya mwembamba wa milimita za mraba mbili na nusu kama nilivyozoea kwa soketi zote, akaniuliza jiko lenyewe ni la wati ngapi. Lilikuwa la wati 6,000. Akanipa kalamu nigawanye kwa voti 230, nikapata ampea 26 na ushee, ilhali sakiti breka niliyoiweka ilikuwa ya 20. Nilijua vizuri ambacho kingefuata: mwenye nyumba angelalamika kwamba breka inaruka, mimi ningeibadilisha niweke ya 32, angenishukuru, na waya ungeendelea kuchemka ndani ya ukuta bila mtu kujua. Nilikuwa nimeshawafanyia watu wawili hivyo. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuwabadilishia nyaya kwa gharama yangu.

Pengo la pili lilikuwa upimaji. Miaka yote hiyo chombo changu cha kupimia kilikuwa testa tu, kumbe insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme usivuje kwenye waya, hupimwa kwa kifaa kiitwacho mega, kwa voti 500, na usomaji ukiwa chini ya megaomu 1 umeme hauwashwi mpaka kasoro ipatikane. Baada ya kupata cheti cha VETA niliendelea na masomo ya jioni, mara nyingine nikisinzia juu ya daftari, na mwaka 2019 nikapata leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambayo hutazama cheti pamoja na uzoefu.

Sasa turudi kwako. Humu ndani wamekushauri usome mpaka shahada, na sioni swali lako lilikuwa wapi katika ushauri huo. Waendee wakandarasi wawili au watatu unaotamani kufanya nao kazi, uwaulize ni karatasi gani wanayodai kwa fundi bomba kabla ya kumpa kazi, na hiyo ndiyo uitafute. Utambuzi wa ujuzi upo kwa ufundi bomba pia. Ukiamua kujiunga na chuo, hakikisha usajili wake NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, kabla hujatoa hata shilingi. Kama uliishia darasa la saba na siku moja utahitaji cheti cha kidato cha nne, Mtihani wa Maarifa, yaani QT, ndio mlango wake, lakini hiyo si haraka ya leo.

Kuhusu fedha, usizitie zote upande mmoja. Mashine ya kukatia mabomba unaweza kuiazima kwa jirani ukamrudishia jioni, lakini cheti cha mtu hakiazimwi. Mimi ningetenga kwanza ada na nauli, pamoja na chakula cha nyumbani kwa zile siku utakazokosa vibarua, kisha kinachobaki kiende kwenye vifaa. Hizo siku za kukosa vibarua mimi sikuzihesabu, na mwezi wa pili wa masomo nilikopa.

Kwa sasa najifunza kufunga sola, kwa sababu wateja watatu mwaka huu wameniuliza kuhusu betri na inveta nami nikawaelekeza kwa fundi mwingine.