Nimeacha kuandika ndoto, nirudije?

Asalaam aleikum. Nilianza daftari la ndoto kwa hamu ya kufikia ile ndoto ambayo mtu anajua kwamba anaota. Mwanzoni nilijaza kurasa mbili kila asubuhi, kisha mistari mitano, kisha mmoja. Sasa daftari liko chini ya godoro. Nitapataje moyo wa kuendelea?
*Msomaji, Kisauni*

Waaleikum salaam. Kilichokuchosha ni zile kurasa mbili. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na mtu anayewahi foleni ya daraja la Nyali nusu saa hana. Ukiikosa asubuhi mara tatu, daftari linageuka deni, na mwenye deni hukwepa njia ya mdai wake.

Punguza kazi. Kitandani andika maneno matatu mpaka matano tu: mahali, mtu, na kitu kimoja cha ajabu. "Kongowea, shangazi, samaki wanaongea" yatosha. Tarehe iandike usiku kabla ya kulala, ili ukiamka ukurasa uwe tayari. Maelezo marefu yangoje chai, na nafasi ikikosekana, basi. Maneno hayo matatu yataweza kuivuta ndoto hata jioni. Ukurasa mtupu hauvuti kitu.

Tumia penseli. Kalamu ya wino hukata ukiandika chali, kwa sababu wino wake hushuka kwa uzito, penseli haijali. Daftari la shule la kurasa 96 latosha, nalo likae kando ya mto, ndani ya chandarua. Ukilazimika kufunua neti na kupapasa juu ya kabati, ndoto imeshakwenda.

Na huenda upesi kweli. Wakati wa usingizi wa ndoto, noradrenalini, mojawapo ya kemikali zinazousaidia ubongo kuhifadhi kumbukumbu, hushuka sana. Kwa hiyo unaamka na jambo ambalo bado halijashika. Kuwaza nauli au kufungua WhatsApp kwatosha kulifuta. Ukizinduka, usijitikise. Macho yabaki yamefungwa, jiulize: "Nilikuwa wapi sasa hivi?" Shika kipande cha mwisho, kisha rudi nyuma kimoja kimoja. Kisipokuja kitu, geukia taratibu ubavu wa pili ungoje kidogo. Wapo wanaoikumbuka ndoto wakirudi kwenye mkao waliokuwa nao wakiota. Bado hamna? Andika "hakuna" pamoja na hisia uliyoamka nayo. Siku ya "hakuna" nayo ni siku iliyoandikwa.

Lakini hata hayo hayatadumu ikiwa daftari halisomwi, na kwa maoni yetu hapa ndipo wengi wanapoachia njiani: wanaandika, wanaandika, wala hawarudi nyuma kutazama. Kila Ijumaa kaa dakika kumi, soma wiki nzima na upige mstari chini ya vinavyojirudia: marehemu aliye hai, mtihani wa shule, feri inayopita nchi kavu. Hizo ni alama zako. Chagua moja. Ikiwa ni feri, basi kila unapoiona feri ya Likoni ukiwa macho, jiulize kwa dhati kama unaota, ili mazoea hayo yakufuate ndotoni. Soma maandishi ya ubavuni, tazama pembeni, soma tena. Ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika. Au funga kinywa, bana pua, jaribu kuvuta pumzi. Ikipita, unaota. Ukifanya kwa kulipua, bila kujiuliza kweli, ndotoni pia utalipua na hutagundua lolote.

Ukishakuwa na alama mbili tatu, utataka mwenyewe kujua kama usiku wa leo zimerudi. Hamu hiyo hukuamsha kuandika kuliko kujilazimisha.

Adhana ya alfajiri hunikatiza katikati ya ndoto. Nikirudi kutoka msikitini sikumbuki hata neno.
*Msomaji, Kibokoni*

Hiyo ni bahati, hujaitumia tu. Usingizi una mizunguko ya kama dakika 90, na sehemu ya ndoto hurefuka kadiri usiku unavyokwenda. Aliyelala saa nne usiku, adhana ya saa kumi na moja humkuta kwenye sehemu nono kabisa. Andika maneno yako matatu kabla hujaenda kutia udhu.

Ukiwa na nafasi ya kulala tena baada ya swala, usikimbilie mto. Soma daftari dakika tano, chagua ndoto moja, ipitie akilini, na ukifika kwenye alama yako ujione ukitambua kwamba unaota. Jiambie: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Rudia mpaka usingizi ukuchukue, wazo jingine likiingia, anza upya, maana hilo ndilo linalotakiwa kuwa la mwisho akilini. Njia hii aliieleza Stephen LaBerge, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1980. Kama kazi yakungoja saa moja, ifanye siku ya mapumziko tu.

Si bora nirekodi sauti kwa simu?
*Msomaji, Majengo*

Inafaa, mradi simu iwe hali ya ndege tangu usiku na uhamishie maneno daftarini siku hiyo hiyo. Sauti zikirundikana hazisikilizwi.

Nafanya zamu ya usiku bandarini, nalala kutwa na joto hili. Daftari langu ni "hakuna" tupu.
*Msomaji, Changamwe*

Tatizo si daftari, kaka, ni usingizi. Ukilala kwa muda wa saa nne au tano tu, ule mwisho wenye ndoto ndefu unaukata. Joto nalo huchangia: wakati wa ndoto mwili hupunguza sana uwezo wa kurekebisha joto lake, hivyo chumba cha moto hukuzindua hapo hapo. Feni ikuelekee, pazia liwe zito, na kahawa tungu ya mwisho unywe saa sita au zaidi kabla ya kulala. Muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, ndiyo mbaya zaidi. Zoezi la kuamka na kulala tena liache mpaka likizo.

Mama anasema ndoto mbaya haziandikwi. Tena kuna usiku naamka siwezi kusogea, jinamizi limenikalia.
*Msomaji, Likoni*

Mheshimu mama. Ndoto mbaya wekea tarehe na mstari mmoja, basi. Alama zako utazipata kwenye nyingine. La dini muulize sheikh wako.

Jinamizi ni mwili kubaki umelegea kama wakati wa ndoto ilhali akili imeamka. Huisha baada ya sekunde kadhaa au dakika chache. Usipambane nalo: pumua polepole, jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu. Huwapata zaidi wanaolala chali na waliokatiza usingizi, kwa hiyo lala ubavu, na usifanye zoezi la kulala tena alfajiri kwa wiki mbili. Ndoto za kutisha zikikunyima usingizi kila siku, au ukianza kutatanishwa na lipi lilikuwa ndoto na lipi la kweli, weka daftari kando kabisa umwone daktari.