Jibu: Aprili inatosha kumhukumu kocha?

Habari ndugu. Umeuliza kama Washington Nationals, timu ya besiboli ya Marekani, wakianza msimu kwa vipigo mfululizo kocha aondolewe mapema, na wapigaji waliopoa tuwaelewe vipi.

Naishabikia timu hii miaka mingi, na Aprili, msimu ukiwa mchanga, siangalii kwanza wastani wa kupiga (ni mara ngapi pigo la mchezaji linamfikisha kituoni). Ratiba ni mechi 162. Mtu anaweza kuugonga mpira vizuri wiki nzima, ukaishia mikononi mwa walinzi. Angalia anatolewa kwa straiki tatu (majaribio matatu yaliyoshindikana) mara ngapi, na mara ngapi anavumilia mipira mibaya, inayorushwa nje ya eneo la kupigia, hadi apewe kituo cha kwanza bure. Hayo mawili hutulia mapema zaidi.

Kisha majeruhi. Mwaka 2019 mchezaji wetu Trea Turner alivunjika kidole mwanzoni mwa Aprili, na warushaji wetu wa akiba (wanaoingia kumpokea mrushaji aliyeanza mechi) wakawa wanaachia mechi tulizokuwa tunaongoza. Tulifika ushindi 19, vipigo 31! Wengi walitaka kocha wetu wa wakati huo, Dave Martinez, afukuzwe. Uongozi ulimwacha, na Oktoba tukachukua ubingwa mbele ya Houston Astros.

Lakini Philadelphia Phillies, wapinzani wetu, mwaka 2022 walimwondoa kocha Joe Girardi wakiwa na ushindi 22 na vipigo 29, wakamkabidhi timu msaidizi wake Rob Thomson, na wakafika fainali. Kwa hiyo rekodi peke yake haitoshi. Mimi humpima kocha kwa anavyowatumia warushaji wa akiba: akimchosha mrushaji yuleyule siku tatu mfululizo kwa mechi za Aprili, hapo ndipo napata wasiwasi.

Taja wapigaji wawili wanaokukera, tuwaangalie pamoja.