Jibu: Kununua nyumba ya kupangisha Cleveland ukiwa unaishi California

Dada, nimekuelewa. Unaishi Oakland, bei za huko hazishikiki, na umeona nyumba ya bei nafuu Cleveland, Ohio, mji ambao hujawahi kukanyaga. Inawezekana, mimi mwenyewe nafanya. Ila usianze na nyumba, anza na watu.

Tafuta kwanza meneja wa nyumba aliye hukohuko. Wengi huchukua kama asilimia 8 hadi 10 ya kodi ya kila mwezi. Muulize hali ya kila mtaa, mmoja mmoja, maana ukivuka barabara moja tu mambo hubadilika. Kisha panda ndege ukauone mtaa wenyewe, mchana na usiku.

Mkaguzi wa kuikagua nyumba kabla hujainunua awe wako, si wa kuletewa na muuzaji. Tena mlipe aingize kamera kwenye bomba la majitaka. Mimi niliruka hilo. Mwezi wa pili mpangaji akanipigia simu, maji machafu yamejaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mizizi ya mti ilikuwa imeziba bomba. Uliza pia nyumba ilijengwa lini: za kabla ya 1978 huweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, hatari kwa watoto, na Cleveland inadai cheti cha usalama kwa nyumba hizo zikipangishwa.

Ukikopa, benki itataka kianzio kikubwa, yaani pesa unayotoa mwenyewe mwanzoni, mara nyingi asilimia 20 hadi 25 ya bei ya nyumba. Usimalizie akiba yote hapo. Mkataba wa upangaji aupitie mwanasheria wa Ohio, na mhasibu akueleze kodi ya mapato ya majimbo yote mawili kabla hujasaini.