Kuwa namba moja kwenye orodha hakumpi mama kiti

Swali: Maître, salamu. Mimi ni mama wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karani katika ofisi ya Serikali, na kwa miaka mingi ninaongoza likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya akina mama wauzaji wa soko la komini yetu jirani ya Kenya. Chama kimoja kimenifuata nigombee ubunge wa taifa mwaka 2028. Wameniahidi namba moja kwenye orodha ya Lubumbashi, tena wamesema dhamana, ile fedha ya kuweka ugombea, hailipwi kwa sababu nusu ya orodha ni wanawake. Ila kuna bwana wa kuniandaa, anaomba dola 800. Anasema Katiba imetutengea wanawake nusu ya viti, kwa hiyo nikishakuwa namba moja nimepita. Nikubali? Na kazi yangu niiache lini?

Jibu: Mama, huyo bwana usimpe hata faranga moja. Mambo mawili aliyokuambia yote ni uongo, na uongo wenyewe si mgeni kwangu. Tangu uchaguzi wa Desemba 2023 naletewa habari hiyohiyo na akina mama wa Kampemba, wa Ruashi, mpaka wa Likasi, na wengi wanafika ofisini wakiwa wameshalipa.

Nianze na Katiba, hiyo ni fupi. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema kweli kwamba mwanamke ana haki ya kuwakilishwa kwa usawa katika taasisi za taifa, za jimbo na za mitaa, na kwamba Serikali inahakikisha usawa kati ya mwanamume na mwanamke. Lakini viti hakikutenga. Tanzania wana viti maalum. Rwanda wamewawekea wanawake viti 24 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi. Nchi ya Kenya wana wawakilishi wanawake 47, mmoja kila kaunti. Anayesikiliza redio za majirani anaweza kudhani na sisi tuko hivyo. Hatuko hivyo. Sheria yetu ya uchaguzi ya 2006 ilitamka wazi kwamba orodha isiyo na usawa haikataliwi kwa sababu hiyo, na mwaka uleule wakaingia bungeni wanawake 42 kati ya wabunge 500. Uchaguzi umefuata uchaguzi, na hata ule wa 2023 haukutufikisha robo ya bunge.

Sasa hiyo namba moja. Hapa ndipo akina mama wanapolizwa zaidi.

Katika nchi ambazo chama kinapanga orodha na mpiga kura anachagua chama tu, kuwa wa kwanza ni jambo kubwa. Kwetu orodha ni wazi. Kumbuka ile mashine ya kupigia kura ya 2023: mpiga kura aligusa picha ya mtu mmoja, basi. Kura hiyo moja inahesabiwa mara mbili. Kwanza inaingia kwenye kapu la orodha nzima, ili kujua orodha imepata viti vingapi. Kisha inarudi kwa mtu mwenyewe, ili kujua ndani ya orodha ni nani aliyepata kura nyingi kuliko wenzake. Chama kilikuandika wa kwanza au wa mwisho, hakuna anayeangalia hilo siku ya kugawa viti.

Twende kwa hesabu ya mfano. Eneo lina viti 4 na kura halali 80,000, kwa hiyo kiti kimoja ni kura 20,000. Orodha ya kwanza imepata kura 27,000, ya pili 24,000, ya tatu 17,000, ya nne 12,000. Mbili za mwanzo zinachukua kiti kimoja kimoja. Viti 2 vinavyobaki wanapewa wenye mabaki makubwa, nao ni orodha ya tatu yenye 17,000 na ya nne yenye 12,000, kwa kuwa ya kwanza imebakiwa na 7,000 tu na ya pili 4,000. Kila orodha ina kiti 1.

Wewe uko kwenye ile ya kwanza, namba moja, picha yako juu kabisa ya bango. Umepata kura 7,500. Mwenye orodha, aliyejiandika wa tatu kwa unyenyekevu, amepata 11,000. Kiti ni chake. Kule orodha ya nne, ile ambayo watu waliiona ndogo, aliyewazidi wenzake amepata kura 4,900, naye anapanda ndege kwenda Kinshasa. Umemshinda kwa kura 2,600 na unabaki Katuba. Zile 7,500 ulizohangaikia soko kwa soko zimeingia kwenye kapu lililompa kiti mtu mwingine.

Kwa hiyo hao watu wa chama wakirudi, habari ya namba waachie wenyewe. Waulize majina. Ni nani wengine watakaokuwa kwenye orodha hii ya Lubumbashi? Mbunge wa sasa yumo? Waziri yumo? Mwenye kampuni, mwenye timu ya mpira, yumo? Kama yumo mtu mmoja ambaye wewe na yeye mnajua atakuzidi kura mara tatu, na orodha haina nguvu ya kupata viti viwili, umealikwa kumbebea mzigo. Waulize pia muungano wa vyama walimo ulipata nini 2023, kwa sababu kwa ubunge wa taifa orodha ya muungano usiofikisha 1% ya kura za nchi nzima haigawiwi kiti, hata kama Lubumbashi imewapigia vizuri. Orodha ndogo ndani ya muungano uliovuka hiyo 1%, isiyo na mkubwa anayekufunika, inaweza kukufaa kuliko orodha maarufu. Akina mama wachache sana wanaambiwa hivi, na ndilo jambo la kwanza ambalo mwalimu wa wagombea angepaswa kusema.

Na kwa nini wamekutafuta mapema hivi? Sitaki kuwavunjia heshima wote, kuna vyama vinavyotafuta wanawake kwa nia njema. Lakini marekebisho ya sheria ya Juni 2022 yalisema orodha yenye wanawake angalau 50% katika eneo la uchaguzi haitalipa dhamana. Kwa ubunge wa taifa dhamana ilikuwa faranga 1,600,000 kwa kila kiti, na hairudishwi. Eneo la viti 10 ni faranga milioni 16. Sheria ilitungwa ili kuvishawishi vyama viwapandishe wanawake, na ni sheria nzuri. Vyama vingine vimeigeuza njia ya kubana matumizi: wiki ya mwisho wanazunguka kuomba picha na kadi za akina mama, wa likelemba, wa kwaya, shangazi wa mweka hazina, wanajaza nusu ya orodha, kisha hao akina mama hawaoni bango wala shahidi hata mmoja wa kuwalindia kura kwenye biro ya kupigia kura. Wengine hawakujipigia kura wenyewe. Baadaye tunaambiwa wanawake waligombea wengi na wananchi wakawakataa. Hilo linaniumiza kuliko yote, kwa sababu mama aliyejazwa kwenye orodha hivyo harudi tena, na binti yake anayemtazama naye anaiogopa siasa.

Wewe nguvu yako iko hapo. Jina lako linawaokolea mamilioni, basi sema bei yake kabla ya kutoa picha: mabango mangapi, mashahidi wangapi, gari siku ngapi. Na iandikwe. Akitokea mtu wa kukuomba "mchango wa dhamana" mkononi, jua anakuibia: ikiwa orodha imesamehewa hakuna dhamana, na ikiwa haikusamehewa, dhamana inalipwa kwenye akaunti ya Hazina ya Serikali na unapewa risiti ya benki.

Nirudi kwa wale waandaaji. Semina ya siku mbili hotelini, cheti chenye picha ya bendera, kitenge cha Machi 8, na neno "uongozi" kila mstari. Nimesoma vijitabu vyao. Jinsi ya kusimama jukwaani ipo, jinsi ya kuvaa ipo, jinsi kura inavyogeuka kiti haimo. Wengine wanauza unabii: umeonwa katika maombi, leta sadaka. Na wabaya kuliko wote ni wanaosema wana mtu wao CENI, tume ya uchaguzi, ukitoa kiasi fulani matokeo yatapangwa. Akina mama, na akina baba pia, sikilizeni vizuri. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, na kati ya makosa hayo ni kukutwa na mashine za kupigia kura. Walikuwamo watu wazito. Pale Masimanimba na Yakoma uchaguzi wenyewe ulifutwa. Anayekuuzia njia hiyo, fujo ikitokea, jina litakaloandikwa ni lako, la kwake halitaonekana popote.

Dola 800 zako, kama unazo kweli, ziweke kwa mashahidi. Shahidi anakaa mpaka kura zihesabiwe na anatoka na nakala ya fishi ya matokeo. Mashahidi wa chama mara nyingi wanamlinda mkubwa wa orodha. Kura za mama zikipungua kwa manufaa ya mwenzake wa orodha moja, hawasemi kitu. Utahitaji watu wako, na hao unao tayari kwenye likelemba: wanajua kuandika namba, wanajua kutunza karatasi, wanajua kukaa na fedha za watu. Bila fishi mkononi hata Mahakama ya Katiba, inayosikiliza mashauri ya ubunge wa taifa, utaenda kuieleza nini?

Jambo jingine hukuliuliza, lakini nalisema. Kwa ubunge wa taifa, jiji lote la Lubumbashi ni eneo moja. Watu wanaokujua wako Katuba na Kenya. Utashindana na wenye fedha wa mtaa wa Golf mbele ya wapiga kura wa komini ya Annexe ambao hawajawahi kukusikia. Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, tulipiga kura za madiwani wa komini. Huko wapiga kura ni wa komini yako tu, na kwa mama mwenye likelemba hesabu inakaa vizuri zaidi. Kizingiti chake kwa asilimia ni kikubwa kuliko ile 1%, kwa hiyo na huko orodha uichague kwa macho. Ukitaka ubunge wa taifa sikuzuii. Nataka uuchague ukijua.

Kazi usiiache sasa. Sheria inamtaka mtumishi wa Serikali, ifikapo siku ya mwisho ya kuweka ugombea, aonyeshe kwamba ameomba kile ofisini mnachokiita disponibilité, yaani kuwekwa kando ya kazi kwa muda. Andika barua hiyo CENI ikishatangaza kalenda, ipeleke mwenyewe kwa mkuu wako, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo itakayoingia kwenye faili la ugombea. Usimkabidhi mtu wa chama akupelekee.