Kabla hujahamia chomboni, jua uchafu wako utakwenda wapi

Wanaoniuliza kuhusu kuishi kwenye mashua huanza na mawimbi, na upepo wa kusi, na kama usiku usingizi unakuja. Hayo ni madogo. Mimi ningependa kuulizwa maji nayatoa wapi na uchafu wangu unakwenda wapi. Hapa hori la Kilifi, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na ganda la ndizi ulilolitupa asubuhi laweza kukupitia ubavuni jioni likirudi. Yule jirani unayemchafulia ni wewe mwenyewe.

Tuanze na maji matamu. Chomboni hakuna bomba. Kuna madumu ya lita 20 ya kuyapakia kwenye kidau na kuyapandisha kwa mikono. Ukishayabeba mwenyewe, huhitaji mtu wa kukuhubiria kubana matumizi. Vyombo naosha kwa maji ya bahari, ukoko nausugua kwa kumbi la nazi na mchanga kidogo, kisha kikombe kimoja cha maji matamu cha kusuuza. Maji hayo ya bahari nayateka yanapoingia kutoka bahari kuu. Yakitoka yanabeba ya mjini na ya mtoni. Masika yakifika, funga tanga pembe nne juu ya sitaha, acha mvua ya mwanzo ioshe chumvi na vumbi, ndipo utege ndoo pale kitambaa kinapobonyea. Mvua moja nzuri ya Mei hukupumzisha safari kadhaa za kisimani.

Sabuni ndiyo huwaponza wengi. Ya mche haitoi povu la maana kwenye maji ya chumvi, basi mtu anakimbilia ya maji, tena anamimina bila kipimo. Na usidanganywe na chupa iliyoandikwa kwamba haidhuru mazingira. Sabuni nyingi za namna hiyo zinategemea udongo na vijidudu vyake ziweze kuoza, si maji ya hori. Nguo zifuliwe nchi kavu, na maji yake yamwagwe kwenye udongo, mbali na pwani.

Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani nyuma na mbele ya chombo vyote hurejea chini kabisa tumboni mwake, maji yanapokusanyika, na nyumba yangu inathibitisha kila siku. Chochote unachomwaga chomboni, damu ya samaki, mafuta ya kupikia, dizeli, kinateremka hadi ngamani, halafu wewe unakumba maji hayo na kuyarudisha baharini. Ukiwa na injini, weka sinia chini yake na matambara makavu. Kabla ya kukumba maji, chota kwanza kile kinachoelea juu, kitie kwenye kopo na upande nacho pwani.

Choo nacho tukiseme. Vyombo vya zamani vilikuwa na choo cha kuning'inia nje ya tezi, na katika bahari wazi hakuna aliyelalamika. Horini mambo ni mengine. Sheria ya kimataifa inazitaka meli kubwa zisimwage kinyesi kisichosafishwa mpaka ziwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Mashua kama yangu haibanwi na sheria hiyo, lakini watoto wanaogelea humu humu. Natumia ndoo yenye mfuniko na vumbi la mbao ambalo mafundi wa vyombo hulitupa bure. Haja ndogo huwa na chombo chake. Vikijaa, nachimba shimo nchi kavu, mbali na kisima.

Plastiki iachwe sokoni. Mifuko ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini pakiti na chupa bado zipo, kwa hiyo mimina unga na sukari kwenye makopo yako kabla ya kupanda kidau. Kule Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyotumika, Flipflopi, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Nalipenda jahazi lile, ila taka za pwani hii zingetosha kujenga mengine mengi. Ninachokiogopa zaidi ni vipande vya kamba ya nailoni na mshipi wa kuvulia: ukikata, hata kipande cha urefu wa kidole, tia mfukoni.

Nanga: subiri maji yapwe, uangalie chini. Peupe ni mchanga, peusi ni majani ya bahari au matumbawe. Mnyororo unaozunguka kila maji yanapogeuka hufyeka majani hayo, na ndiyo chakula cha kasa na nguva. Ukikaa pahali pamoja muda mrefu, weka boya lenye uzito wa kudumu. Usifunge kamba kwenye mikoko. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, basi pima kamba yako kwa maji makuu.

Umeme sina mengi ya kusema: paneli moja ya sola inatosha taa na simu, friji sahau. Nunua samaki wa leo, na uwe na ng'onda wa akiba.

Kazi kubwa ni tumbo la chombo. Kwenye bamvua napandisha mashua mchangani, naiegemeza kwa magogo, na kabla sijaanza kukwangua natandika turubai chini. Rangi kuukuu na makombe yaliyoganda yote yaanguke humo, maana maji yatarudi baada ya saa chache. Rangi za tumbo la chombo zenye sumu ya madini ya bati zilipigwa marufuku duniani tangu 2008. Ukikuta kopo la zamani kwa mtu, usilichukue hata kwa bure. Wazee walipaka chokaa iliyokorogwa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama. Inadai kurudiwa mara kwa mara, lakini mimi bado naipenda.

Ukitaka kujaribu, usije Januari wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Omba kulala chomboni kwa mtu mwezi Juni, wakati wa kusi. Na ukipata ya kununua, usikubali kuikagua ikiwa majini: ngoja ipandishwe, uchukue kisu chembamba uchome mbao za karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo chini, moja baada ya nyingine. Kisu kikizama bila nguvu, muage mwenye chombo kwa adabu uende zako.